Mnara si Mtandao

Mei 2023, jijini Dodoma, Serikali ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika maeneo ya vijijini, kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Wengi tulipiga makofi, nami nikiwamo. Nimekulia katika kijiji ambacho mtu aliyetaka kupiga simu alipanda kilima na kuinyanyua juu kama anayetega redio. Sina sababu ya kubeza mnara.

Likizo iliyopita nilirudi kijijini hapo. Mnara upo, umezungushiwa uzio, na unaonekana kutoka pande zote za kata. Asubuhi yake nilimkuta binti wa jirani yetu, aliyehitimu kidato cha sita, akisubiri basi la kwenda mjini kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi elfu kumi na nne. Nikamuuliza, na mnara je? "Ule ni wa kuongea tu, Mwalimu," alinijibu. "Ukipakia cheti, kinazunguka mpaka unakata tamaa."

Katika takwimu zetu, binti huyu amefikiwa na mawasiliano. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Tumezoea kupima mafanikio kwa asilimia ya wananchi wanaoishi ndani ya eneo lenye mawimbi ya simu. Kipimo hicho hakiulizi kama mawimbi ni ya sauti au ya intaneti yenye kasi, wala kama mnara huendelea kuwaka jenereta linapoishiwa mafuta, wala kama anayeishi chini yake ana simu janja na fedha ya kifurushi. Kinahesabu chuma kilichosimama. Tuliwahi kufanya hivi katika maji: mpango wa miaka 20 ulioanza 1971 ulikusudia kuwafikishia maji wananchi wote wa vijijini ifikapo 1991. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, na nyingi zikanyamaza kwa kukosa mafuta, vipuri na mafundi. Mama akabaki na ndoo kichwani, akipita kando ya pampu iliyokwisha kuhesabiwa.

Wapo watakaosema kwamba mwanzo ni mwanzo, na kwamba mnara wa sauti leo utakuwa wa intaneti kesho. Hoja hiyo ina uzito, na Serikali yenyewe imekuwa ikiiongezea uwezo minara ya zamani. Lakini huduma hazikungoja kesho hiyo. Maombi ya ajira serikalini, mikopo ya wanafunzi na zabuni za umma vyote vimehamia mtandaoni leo. Dola ikishahamishia mlango wake kwenye intaneti, intaneti haiwi tena anasa. Inakuwa njia ya kuufikia mlango huo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tunawatoza watu nauli kwa kosa la kuzaliwa mbali na lami.

Kisha ipo bei. Huduma za simu na intaneti Tanzania Bara zinatozwa ushuru wa bidhaa, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mkono mmoja wa Serikali unampa ruzuku mwekezaji apeleke mtandao kijijini. Mkono wa pili unampunguzia mkulima uwezo wa kuutumia. Mwaka 2021 tuliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa, kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mlaji. Ikiwa msamaha uliishia mifukoni mwa wafanyabiashara, je, tiba ilikuwa kuwabana wafanyabiashara, au kumwadhibu mlaji ambaye hakuwahi kuufaidi?

Naelewa hofu ya Hazina. Kodi ya vocha ni rahisi kukusanya: hailipwi kwa hiari wala haihitaji mkaguzi. Lakini urahisi wa kukusanya si ushahidi wa haki ya kutoza.

Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi mkuu, sisi wa mijini tulihangaika. Malipo yalikwama, kazi zikasimama, na hatukujua ndugu zetu wako katika hali gani. Tulipaswa kukasirika, na tulikasirika. Ila tukumbuke kwamba kwa siku zile chache tulionja maisha ambayo binti yule huyaishi mwaka mzima, bila amri ya mtu yeyote na bila yeyote kuandika tamko la kulaani. Anayedai mtandao usizimwe mjini adai pia uwashwe kijijini. Dai ni moja.

Basi nasema na ninyi mnaoandaa taarifa za utekelezaji, ambao baadhi yenu mlikaa madarasani mwangu. Katika jedwali la minara ongezeni safu tatu: kasi halisi ya intaneti katika kila kijiji, saa ambazo mnara ulizimika kila mwezi, na idadi ya watu wanaotumia intaneti hapo. Ruzuku isilipwe yote mnara unaposimama; sehemu yake isubiri huduma ithibitike kwa majira yote ya mwaka. Shule ya kata na zahanati ziwe za kwanza kuunganishwa, kwa sababu hizo ni za wote, hata wasio na simu. Nanyi wanafunzi, mkienda likizo pimeni kasi ya intaneti vijijini kwenu, andikeni, kisha mpelekeeni mbunge wenu.

Binti yule alirudi na basi la jioni. Fomu ilikuwa imekamilika, na ameanza kudunduliza nauli nyingine, maana atalazimika kurudi mjini kutazama majibu. Mnara ulikuwa umewaka taa yake nyekundu, na kijiji chote kiliiona.