Makumbusho ya Lari: Pande Mbili Chini ya Paa Moja

Wahenga walinena kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini wahenga hao hao walinena pia kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Wazee wa Lari, katika nchi jirani ya Kenya, walizifahamu semi zote mbili, na mwaka 2001 wakachagua kuifuata ile ya pili. Walifungua makumbusho madogo ya historia ya mahali pao, wakayaita makumbusho ya amani.

Lari ipo katika Kaunti ya Kiambu, kaskazini-magharibi ya Nairobi, kwenye nyanda za baridi zilizo ukingoni mwa Bonde la Ufa. Barabara kuu iendayo Naivasha, Nakuru na hatimaye mpaka wa Uganda hupita katika mji mdogo wa Kimende, na ni katika mji huo makumbusho yalikoanzishwa. Wasafiri wengi husimama hapo wakanunua viazi na mboga, kisha wakaendelea na safari bila kujua yaliyowapata wenyeji wa nchi ile.

Chanzo cha yote ni ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakikuyu waliokuwa wakiishi Tigoni ili eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu, nao wakapewa ardhi nyingine huko Lari. Luka wa Kahang'ara, ambaye baadaye alikuwa chifu, alikubali kuhama pamoja na watu wake. Wengine walikataa, wakafukuzwa kwa nguvu, wakabaki bila shamba na bila fidia ya kuwaridhisha. Tangu siku hizo chuki ikaota mizizi baina ya jamaa na jamaa, na mara nyingine baina ya ndugu wa tumbo moja.

Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, watu wa Lari waligawanyika. Baadhi walikula kiapo cha Mau Mau, na baadhi waliingia katika jeshi la mgambo la serikali lililojulikana kama homugadi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, homugadi wakiwa wameitwa mbali kwenye doria, nyumba za jamaa zao zilivamiwa na kuchomwa moto. Luka aliuawa. Wengi wa waliokufa usiku ule walikuwa wanawake na watoto.

Msiba haukuishia hapo. Kabla hata moshi haujatulia, homugadi, polisi na askari wa serikali walilipiza kisasi kwa kuwaua watu waliodhaniwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Mauaji ya kwanza serikali ya kikoloni iliyatangaza ulimwenguni kwa picha na vijitabu. Mauaji ya pili iliyafunika. Watu 71 walinyongwa baada ya kesi za Lari, lakini hakuna aliyenyongwa kwa ajili ya wale waliouawa katika kisasi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Wakenya walihimizwa kusahau na kusameheana. Huko Lari haikuwa rahisi. Aliyefiwa na aliyeua walichota maji katika kijito kimoja, wakauza mboga katika soko moja, na watoto wao wakakaa dawati moja shuleni. Hawakuzungumza juu ya jambo lile. Isitoshe, Mau Mau iliyopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950 iliendelea kuwa marufuku kisheria kwa miaka arobaini baada ya uhuru, hadi ilipoondolewa marufuku hiyo mwaka 2003.

Hapo ndipo unapoonekana ushujaa wa wazee wale. Mwaka 2001, sheria ingali ile ile, watu waliokuwa Mau Mau na watu waliokuwa homugadi waliketi pamoja, wakakubaliana kuwa na nyumba moja ya kumbukumbu. Hawakuwa na fedha za serikali. Walijitolea wenyewe kukusanya vitu, kusimulia habari, kupokea wageni na kuzungumza na vijana wa shule. Fikra waliyoifuata ilikuwa ya makumbusho ya amani ya vijijini, iliyoenezwa tangu miaka ya 1990 na mtaalamu wa mila Sultan Somjee, aliyekuwa akifanya kazi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Yeye aliwahimiza watu wa makabila mbalimbali wakusanye vyombo vya kale vilivyotumika kupatanisha, badala ya kuweka silaha peke yake.

Akina mama watapenda kujua kuwa miongoni mwa vyombo hivyo kimo kilicho chao hasa. Kwa Wapokot, wa magharibi ya Kenya, mama mjamzito huvaa mshipi wa ngozi uliopambwa kwa kauri, uitwao leketyo. Mama akiuvua mshipi huo na kuulaza chini baina ya wapiganao, vita hapana budi visimame, kwa kuwa kila mpiganaji alibebwa tumboni chini ya mshipi kama ule. Kwa mtazamaji asiyeelezwa, leketyo ni ngozi kuukuu tu. Maelezo ya mama aliyeuvaa ndiyo yanayoufanya ustahili kuwekwa katika makumbusho.

Vivyo hivyo, kijiji chochote kinachotaka kuanzisha nyumba ya kumbukumbu kisianze kwa kutafuta jengo. Kianze kwa daftari. Kila chombo kinachopokelewa kipewe namba, na katika daftari yaandikwe jina la aliyekitoa, kilitumika kwa kazi gani, kilitengenezwa wapi, na iwapo kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Jambo hili la mwisho lisipoandikwa, wajukuu watakuja kugombana, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya amani itakuwa chanzo cha kesi.

Utunzaji nao hauhitaji gharama kubwa. Kibuyu, mkeka au kinu cha kale kisisuguliwe kwa sabuni hadi king'are, maana masizi na alama za mikono ni sehemu ya habari zake. Vyombo viinuliwe juu ya sakafu ili mchwa visivifikie. Picha na karatasi ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua, nazo zishikwe kwa mikono mikavu iliyo safi. Nguo na ngozi zikaguliwe mara kwa mara, kwani nondo hupenda mahali pasipofunguliwa.

Kazi iliyo ngumu zaidi ni ile ya masimulizi. Wazee waulizwe wangali hai, na kila mmoja asimulie kwa maneno yake bila kusahihishwa na jirani. Panapokuwa na ugomvi wa zamani, pande zote zisikilizwe, na msimulizi aulizwe kwanza kama anakubali jina lake litajwe. Mjane wa homugadi na mjane wa Mau Mau hawatasema maneno yanayofanana. Kamati isijaribu kuyalinganisha ili yapatane, bali iyahifadhi yote mawili, na kijana atakayeyasoma atajionea mwenyewe jinsi shamba lililochukuliwa kwa dhuluma lilivyoweza kuwageuza majirani kuwa maadui.

Mwezi Juni 1913 au 1953, kwa mtoto wa leo, ni mamoja. Asipoelezwa hawezi kupambanua. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya Hali ya Hatari, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mashauri ya namna hiyo yaliwezekana kwa sababu wazee walikuwa bado hai wa kutoa ushahidi. Katika kila kijiji wapo wazee wenye habari kama hizo, na kila msiba unapotokea idadi yao hupungua. Basi wenye nyumba wafungue masanduku yao, na vijana waliosoma wachukue daftari na kalamu, waende kuwauliza babu na bibi zao mapema.