Utabiri wa Mvua na Mbegu za Akiba

Hapa Machakos mvua ya vuli, ya Oktoba hata Desemba, ndiyo tegemeo letu kuliko masika. Kwa hiyo kila mwaka mimi hungojea utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kama mzazi angojeaye barua ya mwanawe. Mwaka 1997 El Niño ilileta gharika. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ilipunguka mfululizo.

Lakini utabiri si ahadi. Huonyesha lielekealo kutokea. Basi mkulima mwenye busara asimwage mbegu zote katika udongo mkavu. Apande mahindi ya Katumani yakomaayo upesi, atengeneze matuta, na mbegu nyingine abakize ghalani. Mvua ya kwanza ikimdanganya, atapanda tena. Asiyebakiza atatazama mawingu tu.