Vifaa vya Maafa Vikae Kusini, Visingoje Dar es Salaam

Mtu atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, mahali ambapo barabara ya Ruangwa huachana na barabara kuu. Hapo hupita korosho zetu, mafuta ya petroli, mabasi ya abiria, na wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Ndanda. Nasi twauliza kwa heshima: kama leo usiku lori la mafuta litapinduka hapo na kuwaka moto, au kama watu wenye silaha watavamia kijiji kimojawapo kati ya hapo na mto Ruvuma, mwananchi wa kwanza kufika atakuwa ameshika nini mkononi?

Hatuulizi ili kutisha watu. Mwezi Oktoba 2020, msimu wa korosho, magaidi waliotoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Wazee wa Newala hawakuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kati ya 1964 na 1974, vijiji vya ukingo wa mto huo vilionja mabomu ya Wareno. Majeshi yetu yanalinda mpaka, nasi twayashukuru. Lakini askari hawezi kuwapo katika kila shamba la mikorosho, wala si yeye atakayefunga jeraha la mama aliyekimbilia porini na watoto.

Serikali haikukaa bure. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeagiza ziwepo kamati za maafa toka taifa mpaka kijiji. Ni jambo jema sana. Taabu ni kwamba kamati ya kijiji isiyo na machela, kamba, taa, sanduku la huduma ya kwanza, wala fedha ya mafuta ya pikipiki, ni orodha ya majina iliyobandikwa ukutani. Na pengine hata ukutani haipo.

Wako watakaosema kwamba vifaa vipo, na vitaletwa haja ikitokea. Vitapita wapi? Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam katika sehemu za Somanga, wilayani Kilwa. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa kama kisiwa, na abiria wakalala njiani. Siku kama hiyo, msaada uliowekwa Dar es Salaam ni msaada wa watu wa Dar es Salaam.

Hata miji mikubwa imeyaona hayo. Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuliwa kwenye balozi za Marekani, yaliua zaidi ya watu 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Kule Nairobi waliotangulia kufukua kifusi walikuwa wapita njia, kwa mikono mitupu; wataalamu wa kigeni walifika baadaye. Kama Nairobi ilikuwa hivyo, Nanganga itakuwaje?

Sisi twashauri ghala dogo la vifaa vya uokoaji liwekwe Nanganga, na jingine Newala, ambako juu ya uwanda wa Makonde maji ya kunywa yenyewe ni ya kutafuta, seuze ya kuzima moto. Mgambo, walimu na vijana wa bodaboda wafundishwe kuzuia damu na kubeba majeruhi. Fedha itoke wapi? Sehemu ndogo ya ushuru wa korosho unaoingia katika Halmashauri yatosha kuanzia.

Hapa tutoe tahadhari. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Ruvuma, wameoana, wamezikana. Anayevuka akiikimbia panga ya gaidi si gaidi. Kiongozi wa shina apokee habari za mgeni na kuzifikisha polisi bila kumpiga wala kumnyang'anya alichobeba, kwani aliyeumizwa na wenyeji hatawaambia alichokiona njiani, na habari hiyo huenda ingeokoa kijiji kizima.

Madiwani wa Masasi na Newala watakapokaa kupanga bajeti ijayo, twaomba fungu la maafa litajwe kwa shilingi, lisomwe mbele ya wananchi, na funguo za ghala akabidhiwe mtu anayelala hapo hapo.