FOMU YA CHUO CHA AFYA: NANI KAWAFUNDISHA VIJANA WA KARAGWE NA KYERWA KUANDIKA "SINA"?

Dada mmoja wa pande za Nkwenda, Kyerwa, jina kapuni, kamaliza form four, Kemia, Biolojia na Fizikia zote kafaulu. Kapata nafasi ya kusomea uuguzi. Nyumbani jogoo kachinjwa, ndizi zikapikwa, majirani wakaja.

Ikaja fomu ya afya: "Una ugonjwa wowote wa kudumu?" Dada ana selimundu toka utotoni. Shangazi mtu akasogea taratibu: "Mwanangu, andika sina. Ukisema ukweli nafasi anapewa mwingine." Akaandika sina.

Muhula wa kwanza haujaisha, usiku wa baridi hosteli, mifupa ikaanza kumuuma. Baridi ya milima ya huku inajulikana, na baridi ni adui wa mwenye selimundu. Wenzake wakasema malaria. Wengine wakasema anadeka. Wengine, eti mimba. Matroni hana habari yoyote. Kidogo afie kati ya watu wanaosoma ugonjwa huo huo darasani!

Watu sasa wanamrushia shangazi mawe. Waitu, mwacheni mama wa watu. Hakuota ndoto, kaishi na watu akawaona. Uongo ule umezaliwa na fomu inayouliza bila kusema inauliza ya nini.

Na sheria ipo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumnyima mtu nafasi kwenye taasisi kwa sababu ya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na anayezikusanya lazima aseme anazitaka za nini. Sasa iweje fomu ya dada wa watu izagae mezani kama gazeti la jana?

Kinachouma zaidi, hii ni Kagera. Mkoa huu ndiko wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Watu wakaita ugonjwa "Juliana", wakanyoosheana vidole, wakafichana, wakazikana. Kama kuna watu duniani wanaojua kuficha ugonjwa kunaua, ni wa huku. Halafu leo ndio wanawafundisha watoto kuficha!

Wapo wanaosema, "Mgonjwa atamhudumiaje mgonjwa?" Hoja nyepesi. Wauguzi wenye kisukari na pumu wapo wodini kila siku, wanachoma sindano vizuri tu. Kweli, kuna hali zinazohitaji mtu apangiwe zamu tofauti. Lakini hilo aamue daktari baada ya kumpima mtu mwenyewe, sio karani kwa kusoma jina la ugonjwa.

Vyuo viandike juu ya fomu, kwa Kiswahili: jibu lako halikunyimi nafasi, anayelisoma ni fulani, linatumika kukutunza. Wazazi waache kuwafundisha watoto uongo siku ya kwanza ya kazi inayotaka ukweli. Na kijana, ukifika chuoni, mtu mmoja wa zahanati ajue, na kadi yako ya kliniki ikae begani, sio nyumbani chini ya godoro.

Dada wa Nkwenda kapona, karudi darasani. Safari hii matroni anajua.

Wadau, ingekuwa mwanao, ungemwambia aandike nini? Tiririka hapo chini.