Bolingi: njia ikibadilika, mchezaji naye abadilike

Katika mchezo wa bolingi, kinachoamua ushindi mara nyingi hakionekani kwa macho: ni mafuta. Njia ya mita 18 hupakwa mafuta, lakini kila mpira unaopita huyasogeza ao kuyaondoa. Mpira ulioangusha pini zote 10 mwanzoni, baadaye unakata kona mapema na kuacha pini zimesimama.

Hapo wengi hukasirika na kurusha kwa nguvu zaidi. Ni kosa. Mpira ukikosea upande wa kushoto, mchezaji mwerevu husogeza miguu kidogo, ubao mmoja ao mbili, upande huohuo wa kushoto, bila kubadili alama anayolenga.

Makocha wawafundishe vijana kuisoma njia kwanza, nguvu zitafuata. Kulaumu njia hakuangushi pini.