Masuku ya Lizaboni: tupime vinasaba kabla ya kuchagua

Kila msimu wa masuku, soko la Lizaboni pale Songea linajaa matunda ambayo karibu yote hayakupandwa na mtu. Yanaokotwa kwenye miombo, na miombo hiyohiyo ndiyo inayotupa mkaa. Ndiyo maana wazo la kuhamishia msuku shambani, kwa kubebesha vikonyo vya miti yenye matunda makubwa na matamu, linapendwa. Ni wazo zuri. Ila mimi nasema tupime vinasaba kwanza, ndipo tuchague.

Kwa nini? Msuku una miti dume na miti jike. Mti dume hauzai, kwa hiyo ni rahisi kuonekana wa kuni tu, wakati bila chavua yake jike halipati tunda. Halafu mbegu zake zikikauka zinakufa. Huwezi kuzihifadhi miaka na miaka kama mahindi. Ghala lake ni msitu wenyewe.

Sasa tukibebesha miti mitano tu kwa mkoa mzima, tutapata mashamba ya mapacha. Ugonjwa ukimpata mmoja, umewapata wote. Wenzetu wa Mbinga wanalima kahawa ya arabika, zao lililosambaa duniani kutokana na mbegu chache zilizopitia Yemeni. Kutu ya majani ilipoingia Sri Lanka mwaka 1869, kilimo cha kahawa kule kilikufa.

Na macho yanadanganya. Tunda kubwa linaweza kuwa limeletwa na udongo mzuri tu. Alama za vinasaba hazijali udongo: unachukua jani, unatoa DNA, unazidisha vipande fulani kwa PCR, kisha unalinganisha mti na mti. Malawi wameshaupima msuku wao kwa njia hii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba tofauti nyingi zimo ndani ya kila msitu. Maana yake, mti mmoja mtamu hauwakilishi msitu.

Mtasema ni gharama. Kweli, kemikali si bei rahisi. Lakini jani lililokaushwa kwa silika linasafiri ndani ya mkoba mpaka maabara za SUA, Morogoro. Kila mwaka tunahangaika kutafuta mada za utafiti wa mwaka wa mwisho. Hii hapa, tena haisubiri: msitu ukishageuka mkaa, hakuna jani la kupima.