Uwanja wa Karafuu Usigeuzwe Viwanja

Ndugu Wanachama,

Naomba nafasi ndogo niseme jambo linalotuhusu sote. Katika vijiji vyetu vya Pemba, mtu akiulizwa ni mahali gani anapopapenda zaidi kijijini kwao, mara nyingi atautaja uwanja wa kuanikia karafuu. Hapo tulikimbizana tukiwa watoto, na hapo tulipokea ujira wetu wa kwanza wa kuchambua.

Mwezi uliopita nilipita kwenye uwanja wetu nikakuta vigingi vimepigwa upande mmoja. Nikauliza, naye kijana mmoja akanijibu kwa adabu: "Shikamoo, mzee. Mahali hapa pamekaa bure. Karafuu mwaka huu hazikuzaa, na sisi tunataka pa kujenga." Sikumkasirikia. Kijana anayetaka kuoa ana haki ya kutaka nyumba. Lakini neno lile "bure" halikunitoka moyoni, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hakuna mwanachama asiyejua tabia ya mkarafuu. Mti huu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, kisha hupumzika mwaka, pengine zaidi. Kwa hiyo siku ambazo uwanja ni mtupu ni nyingi kuliko siku ulizojaa, na mwenye kuupima siku ya utupu lazima aseme ni bure. Mimi nasema upimwe siku ya mavuno.

Siku hiyo karafuu hazimngoji mtu. Zikichambuliwa usiku na kutengwa na makonyo, asubuhi zatakiwa ziwe juani. Zikilala lundo hupata moto, rangi yake hufifia, zikawa mpeta. Zinataka siku nne au tano za jua zuri, na watu wa kuzizoa mbio wingu likitanda. Tena kilo tatu za mbichi hutoa kama kilo moja tu ya kavu. Basi mwenye kutaka gunia moja la kavu afikiri atandike majamvi mangapi!

Wengi wetu ni watu wa eka tatu, zile walizogawiwa wazee wetu baada ya Mapinduzi ya 1964. Eka hizo zikishajaa mikarafuu, migomba na muhogo, hapabaki pahala peupe pa kutandika. Asiye na uwanja ataanika wapi? Ataanika barabarani, kama tunavyoona. Gari hupita, vumbi hutua, mbuzi nao hukatisha juu yake. Karafuu zile zikifika kituoni, mpimaji akizitia mkononi huona mchanga, na daraja hushuka. Kiwanja huuzwa mara moja na fedha yake ikaliwa, lakini hasara ya daraja hurudi kila msimu.

Wala sisemi kwa ajili ya karafuu peke yake. Tawi letu halina ofisi. Ofisi yake ni kivuli cha mwembe ulio pembeni mwa uwanja huo. Hapo hapo mabibi hukutana kwa upatu wao, mikono ikisuka ukili huku hesabu zikipita. Watoto wakitoka skuli huchezea mpira hapo, vyungu vya harusi hupikiwa hapo, na msaragambo wa kufyeka njia huanzia hapo. Tukiukata uwanja vipande, vikao hivi vyote vitakwenda wapi? Kikundi kisicho na pahala pa kukutana hakikai sana.

Mfano mwema hauko mbali. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani, na kwa kuwindwa mno alikuwa amekaribia kwisha. Watu wa Kidike, huko Mjini Ole, walijiunga wakayalinda makazi yake. Leo popo wamejaa mitini, wageni huja kuwatazama, na kijiji hupata faida. Pale nako mtu angeweza kusema miti ile imekaa bure, akaikata kuni.

Atakayeuliza, "Na vijana wajenge wapi?" ameuliza swali la haki. Wapo kati yetu wenye vipande ambavyo mikarafuu yake imekufa zamani na haikupandwa mingine. Mimi ninacho kimoja upande wa juu, karibu na njia. Niko tayari kukaa mbele ya sheha na vijana wawili wenye haja, tuone lipi laweza kufanyika kwa utaratibu. Nikiwataka wenzangu waulinde uwanja nami nisitoe kitu, maneno yangu yatakuwa matupu.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, kila tawi lende kwa sheha wake, mipaka ya uwanja itambuliwe na iandikwe, kabla vigingi havijawa misingi. Pili, kila mwaka, karafuu ziwepo zisiwepo, tufanye msaragambo wa siku moja tuufyeke, ili asionekane tena mtu wa kusema umeachwa. Tatu, khabari hii isemwe katika mkutano ujao, na vijana waitwe waseme yao. Wao ndio watakaouanikia sisi tukishaondoka.

Wazee walisema: Mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Mwaka wa karafuu utakuja, Mungu akipenda. Siku hiyo tutatoka na majamvi yetu kichwani, na ni kheri tuukute uwanja ulipo.

Ni mimi mwenzenu,
Mkulima wa Eka Tatu